Simu ikishakatwa, nani ameamua? Jibu kwa msimamizi mpya wa zamu

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Nilikuwa mpokeaji simu kwenye namba ya kutoa taarifa za ukatili dhidi ya watoto, na sasa nimepandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Nimekabidhiwa watu saba na jedwali la takwimu, lakini hakuna aliyenieleza kazi yangu hasa ni ipi. Wawili wananinyima usingizi. Mmoja, ambaye siku zote nimemwona hodari kuliko sisi sote, sasa kila simu anaiandika "dharura", hadi maofisa ustawi wa jamii wameanza kutulalamikia. Mwingine simu zake ni fupi mno, na nyingi anazifunga kwa maneno "ushauri umetolewa". Uongozi unamsifu huyu wa pili kwa sababu idadi yake ya simu ni kubwa. Naomba unisaidie: mipaka ya mpokeaji simu ni ipi, niwasimamie vipi, na je, mimi mwenyewe bado naruhusiwa kupokea simu?

Jibu

Nianze na huyo wa simu fupi, dada, kwa sababu kwake kuna jambo lisilongoja kikao. Kabla hujamwita, zitoe simu zote alizozifunga bila rufaa, yaani bila kuzipeleka kwa ofisi nyingine ya kuchukua hatua, katika wiki chache zilizopita, keti na mtu wa pili mwenye uzoefu, mzipitie upya moja moja. Mkikuta iliyopaswa kupelekwa mbele, ipelekeni siku hiyohiyo na muandike wazi kwamba imefunguliwa upya na kwa nini. Wasimamizi wengi huanza upande wa pili: humwita mfanyakazi, huzungumza naye kwa upole, hukubaliana kwamba atabadilika, na simu za nyuma zinabaki zilivyo. Mazungumzo naye yanaweza kufanyika kesho au keshokutwa. Mtoto wa miaka 2 aliyetajwa, tuseme, kwenye simu ya wiki jana hana muda huo.

Ukishamaliza hilo, turudi kwenye kazi yenyewe.

Namba za aina hii zimezaliwa kwa njia mbili, na sehemu kubwa ya mkanganyiko wa majukumu hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni namba ya mtoto mwenyewe, mahali pa kuzungumza na mtu mzima asiyemjua na asiyemwogopa. Childline ya Uingereza ilianza hivyo mwaka 1986, na ile ya India, namba 1098, ilianzia Mumbai mwaka 1996 ikiwalenga watoto wa mitaani. Ya pili ni namba ya kupokea taarifa kwa niaba ya serikali: mwalimu, muuguzi au jirani anapiga kusema anachokishuku, na simu hiyo ndiyo mlango wa mfumo mzima wa ulinzi wa mtoto. Aina hii ilikomaa Marekani. Mwaka 1962 daktari C. Henry Kempe na wenzake walichapisha makala iliyowafumbua macho madaktari kuhusu watoto wadogo wanaoletwa hospitali na mifupa iliyovunjika huku wazazi wakitoa maelezo yasiyolingana na majeraha. Ndani ya miaka michache majimbo yakatunga sheria za kuwalazimisha wataalamu kutoa taarifa, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 ikaifanya fedha ya serikali kuu itegemee kuwapo kwa utaratibu huo. Siku hizi majimbo ya Marekani hupokea takriban taarifa milioni 4 kwa mwaka, na karibu nusu huishia hapohapo kwenye simu, haziendi kwa mchunguzi yeyote.

Hiyo nusu ndiyo inayonifanya niichukulie kazi ya mpokeaji simu kuwa nzito kuliko mshahara wake unavyoonyesha. Mtu aliyeketi na visikizi, bila kumwona mtoto wala nyumba, anashiriki kuamua nani atagongewa mlango na nani hatagongewa.

Kwenye namba ya kwanza kazi kuu ni kusikiliza. Kwenye ya pili kazi kuu ni kupima. Namba nyingi zimebebeshwa zote mbili kwa pamoja, na kwa maelezo yako yenu ni mojawapo. Hapo kila mtu huvutwa na alikotoka: aliyesomea unasihi huona kila simu ni mazungumzo ya kutuliza moyo, aliyewahi kufanya kazi polisi huona kila simu ni mwanzo wa jalada. Waulize viongozi wako, kwa maandishi na utake jibu la maandishi: namba yetu inawajibika kisheria kufanya nini, na kwa muda gani tangu simu iingie? Bila karatasi hiyo huwezi kumwambia mfanyakazi kwamba amevuka mpaka, maana mpaka haujachorwa.

Mpokeaji simu, kwa jinsi ninavyoielewa kazi yake, anahakikisha kwanza kama mtoto yuko salama dakika hii, na anapata mahali alipo mapema kabla simu haijakatika. Anasikiliza. Anakusanya yale tu yanayohitajika ili uamuzi ufanyike: nani, wapi, nini kimeonekana au kusikika, lini mara ya mwisho, nani mwingine yumo ndani ya nyumba, mtu anayeshukiwa anamfikia mtoto kwa urahisi kiasi gani. Anamweleza mpigaji kwa ukweli kitakachofuata. Anapendekeza kiwango cha hatua, kisha anaandika. Zingatia neno kupendekeza, nitalirudia.

Yaliyo nje ya mpaka ni haya: hachunguzi, hampigii mtuhumiwa, hasuluhishi ugomvi wa kifamilia kwa simu, hamwambii mtoto atoroke nyumbani, na hatoi namba yake binafsi hata mtoto akilia. Hili la namba binafsi limekaa kama jambo dogo, lakini lina pande mbili. Linamlinda mfanyakazi, na linamlinda mtoto dhidi ya yule mmoja kati ya wengi aliyetafuta kazi hii ili awe karibu na watoto. Kwa hiyo usaili, ukaguzi wa historia ya mwombaji na kuweka kumbukumbu za nani amefungua rekodi gani ya simu ni sehemu ya usimamizi wako, hata kama vyeti vinashikwa na ofisi ya utumishi.

Kuhusu kutochunguza, wafanyakazi wengi hudhani ni urasimu. Simulia kesi ya shule ya chekechea ya McMartin huko California. Tuhuma zilianza mwaka 1983, mamia ya watoto wakahojiwa kwa maswali ya kuwaongoza, yenye jibu ndani yake, na mwaka 1990 mashtaka yalikwisha bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Hadi leo hakuna awezaye kutenganisha kilichotokea na kilichopandwa na wahojaji. Kutokana na kesi za aina hiyo ndipo taaluma ya kuwahoji watoto ilipobadilika. Mtoto akisema "ananiumiza", mpokeaji wako anasema "nieleze zaidi", kisha ananyamaza. Hasemi "anakugusa wapi?" Akishapata ya kutosha kuamua kiwango cha hatua, anaacha kuuliza, hata kama hadithi ina mapengo, kwa kuwa mapengo hayo ni kazi ya mhojaji aliyefunzwa atakayeketi na mtoto ana kwa ana. Na kwenye kumbukumbu, maneno ya mtoto yaandikwe yalivyotoka, ndani ya alama za kunukuu. "Mtoto anasema amenyanyaswa kijinsia" ni tafsiri ya mfanyakazi. "Amesema: 'usiku anakuja kulala kwangu'" ndiyo taarifa.

Suala la siri nalo huwasumbua wapya. Mtoto huuliza, "Hutamwambia mtu?" na mpokeaji mwenye huruma hujibu "hapana". Baada ya dakika kumi analazimika kuvunja ahadi. Wape sentensi waizoee mpaka itoke yenyewe, kwa mfano: "Mengi tutakayozungumza yatabaki kati yetu. Nikisikia kwamba wewe au mtoto mwingine yuko hatarini, itabidi nimwambie mtu anayeweza kusaidia, na nitakuambia wewe kwanza." Isemwe mapema, lakini isiwe salamu. Mtoto aliyechukua siku nyingi kujikaza apige akisomewa masharti kabla hajasema jina lake, atakata.

Na watoto hukata sana. Sehemu kubwa ya simu zinazoingia kwenye namba za watoto duniani kote ni za kimya, za mzaha, za matusi au za majaribio. Hapa ndipo unaweza kumjua msimamizi mzuri: anavyowafundisha watu wake kuzipokea. Mtoto mwenye jambo zito mara nyingi hujaribu kwanza. Anapiga na kucheka na wenzake, anasikiliza sauti inayomjibu, na siku nyingine anapiga peke yake. Anapiga na kuuliza swali la kipuuzi kuhusu masomo. Anapiga kwa niaba ya "rafiki yangu". Simu ya kimya ipewe muda: "Nipo hapa. Huna haraka. Ukitaka, gonga simu mara moja kama ndiyo." Ukizipima simu hizi kama upotevu wa muda, umewafundisha wafanyakazi kuzikata. Hapa pana mpaka pia. Kuna watu wazima wanaopiga namba hizi kwa ajili ya kujiridhisha kimwili wakiisikia sauti ya mpokeaji. Mfanyakazi awe na haki iliyoandikwa ya kusema sentensi moja na kukata, bila kuomba ruhusa na bila kuhojiwa baadaye kwa nini hakuvumilia.

Viwango vya hatua mnavyo, naamini: dharura ya sasa hivi, haraka ndani ya saa 24, kisha ya kawaida. Kinachowakosesha wapokeaji ni uzito wa kuipa kila dalili. Takwimu za Marekani zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wengi wa watoto wanaokufa kwa kutendewa vibaya au kutelekezwa hawajafikisha miaka 3. Kwa hiyo umri mdogo peke yake hupandisha kiwango. Mtoto mchanga asiyeweza hata kutambaa akiwa na michubuko ni jambo la kushtua, kwa kuwa watoto wa umri huo hawajiumizi hivyo kwa kawaida. Kukabwa shingo kunahesabika hatari ya kifo hata pasipo alama. Upande wa pili, takriban robo tatu ya watoto wanaothibitishwa Marekani kuwa waathirika ni wa kutelekezwa: kukosa chakula, matibabu au uangalizi. Mpokeaji anayesubiri kusikia kipigo atapitwa na mtoto wa miaka 4 anayeachwa peke yake usiku. Atapitwa hata akiwa makini, kwa sababu anayepiga kuhusu kutelekezwa huongea kwa utulivu, hana kilio kwenye sauti.

Sasa tufike kwenye lile neno. Mpokeaji apendekeze, na uamuzi uwe wa watu wawili. Na kama huna watu wa kutosha kuangalia kila simu mara mbili, sahihi ya pili iwekwe kwenye zile zinazofungwa. Taasisi nyingi hufanya kinyume: mfanyakazi akitaka kumwita polisi lazima aombe kibali, ila akitaka kufunga simu hahitaji mtu. Kosa la kupandisha kiwango bila lazima lina gharama, tena halisi: familia inagongewa mlango bila sababu, na afisa anapoteza siku. Lakini kosa hilo huonekana haraka, mtu hulalamika, hurekebishwa. Simu iliyofungwa vibaya hainung'uniki. Hata kaunti ya Allegheny, jimboni Pennsylvania, ambako tangu mwaka 2016 kompyuta humpa mpokeaji alama kuanzia 1 hadi 20 kuhusu hatari ya baadaye, alama ikiwa ya juu kabisa simu haiwezi kufungwa mpaka msimamizi akubali. Mashine iliongezwa, sahihi ya pili ikabaki.

Hapo ndipo kiti chako kilipo. Msimamizi wa zamu ni mtu wa uamuzi wa dakika hiyohiyo. Uwe ndani ya chumba, au kwenye laini inayoonekana kwa wote kama mnafanya kazi kutoka nyumbani, kuanzia simu ya kwanza ya zamu hadi ya mwisho. Mpokeaji akiinua mkono au akibonyeza alama mliyokubaliana, unakwenda, unasikiliza kwenye laini, na wewe ndiye unayepiga simu ya pili kwa polisi au gari la wagonjwa huku yeye akiendelea kumshika mtoto kwa maneno. Asiachwe afanye yote mawili. Msimamizi anayeitwa kwenye vikao katikati ya zamu hasimamii, na hilo ukatae mapema, kabla halijageuka mazoea.

Wengine kwenye timu niwapitie kwa haraka. Anahitajika mtu wa kufuatilia rufaa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba iliyopelekwa imepokelewa na mtu mwenye jina, maana barua pepe iliyotumwa usiku haijamfikia mtu yeyote. Anahitajika wa kumbukumbu na takwimu. Kujitolea kunakubalika, kwa mafunzo yaleyale na usimamizi uleule. Mtoto hajui nani analipwa. Mtu wa mwisho nitamtaja chini kidogo.

Turudi kwa wawili wako. Nadhani wana ugonjwa mmoja: wote wawili wameacha kuamini kwamba uamuzi unabebwa na zaidi ya mtu mmoja. Anayeandika kila kitu "dharura" anaukimbia uamuzi kwa kuusukuma kwa afisa ustawi wa jamii. Anayefunga haraka anaukimbia kwa kutoruhusu simu ifike mahali pa kuamua. Ukimsikiliza vizuri huyu wa pili kwenye rekodi, natarajia utamsikia akitoa ushauri dakika ya pili, kabla mpigaji hajamaliza. Ushauri unaotolewa mapema ni njia ya heshima ya kumnyamazisha mtu.

Kwa yule hodari, usianze na malalamiko ya maofisa. Tafuta lini alianza kupandisha, kisha tazama simu za siku zilizotangulia. Mara nyingi utakuta moja aliyoipima kuwa ya kawaida na baadaye zikaja habari mbaya, au akadhani zimekuja. Pengine hata habari hazikuja, na kutojua mwisho wa kisa ndiko kunakomla. Wapokeaji simu huishi na mianzo ya visa isiyo na mwisho, na maofisa wa nje husahau kwamba neno moja la kurudisha, "tulifika, mtoto yuko kwa shangazi yake", lingemponya mtu. Liweke kwenye makubaliano yenu na ofisi ya ustawi, kwa kiwango ambacho sheria ya usiri inaruhusu. Ukimwambia tu "punguza dharura", atapunguza. Kisha utakuwa na wawili wanaofunga.

Kinachorekebisha mizani ya timu ni kupima kwa pamoja. Chagua rekodi chache, ondoa majina na mahali, ziweke na zile zenye utata. Kila mmoja asikilize na aandike kiwango chake kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, wewe ukiwemo. Ndipo mfunue. Usianze kwa kutoa jibu sahihi. Waulize waliotofautiana walisikia nini, kwa sababu mara nyingi tofauti haiko kwenye kanuni: mmoja alisikia mlango ukifungwa nyuma ya mpigaji, mwingine hakusikia. Fanyeni kila mwezi. Fanyeni pia na maofisa ustawi wanaolalamika, angalau mara moja moja. Wakizisikia simu zenyewe malalamiko hubadilika sura. Katika vikao hivyo huyo hodari wako ataona kwamba wenzake nao husitasita, na nadhani hicho ndicho anachokosa.

Kusikiliza simu za watu kuna adabu yake. Wafahamu kwamba zinasikilizwa, wajue na jinsi zinavyochaguliwa: baadhi kwa kubahatisha, na kila mara baadhi ya zilizofungwa. Unapomrudia mfanyakazi, chezesha rekodi kwanza na umwache aseme yeye alichokisikia. Wengi hujikosoa kwa ukali kuliko ambavyo ungethubutu. Wewe ongeza moja au mawili, usimkabidhi orodha.

Alfred Kadushin, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu usimamizi katika ustawi wa jamii, aliugawa katika sehemu tatu: utawala, mafunzo na kumtegemeza mfanyakazi. Jedwali ulilokabidhiwa ni sehemu ya kwanza peke yake. Pale kwenye kutegemeza ndipo penye hatari ya kukoroga mambo. Kikao cha mtu mmoja mmoja na wewe, chenye saa iliyopangwa na isiyoahirishwa kwa sababu simu zimezidi, ni cha kazi: simu zilizomkaa moyoni, maamuzi, ratiba, mapumziko. Ila wewe ndiye pia unayeandika tathmini yake, na hakuna mtu atakayekuambia kwamba ameanza kuota sauti za watoto ikiwa anajua utaandika hilo kwenye fomu. Ndiyo maana timu inahitaji yule mtu wa mwisho: mnasihi wa nje, asiye na sauti juu ya ajira ya yeyote, ambaye hakuletei taarifa isipokuwa usalama wa mtu ukiwa hatarini.

Hali inayoweza kumfikisha mtu kwa mnasihi nayo imefahamika kwa muda mrefu. Mwaka 1990 McCann na Pearlman walieleza jinsi anayesikiliza visa vya ukatili hatimaye hubadilika mwenyewe namna anavyouona ulimwengu, na mwaka 1995 Charles Figley akaeneza wazo la uchovu wa huruma. Kwa wapokeaji simu dalili utaziona kazini kabla ya kuzisikia: mtu anakataa kumwacha mtoto wake kwa ndugu yeyote, mwingine anafanya utani mkali kuhusu wapigaji, mwingine anaandika kumbukumbu zinazozidi kuwa fupi. Kupandisha kila kitu na kufunga kila kitu navyo vimo humo.

Baada ya simu nzito, usimlazimishe mtu akusimulie yote papo hapo. Vikao vya mara moja vya kumtaka mtu asimulie kila alichopitia vilipendwa sana zamani. Utafiti ulipolinganishwa, ikaonekana havizuii madhara ya kiwewe, na kwa wengine vinaweza kuongeza. Mtoe kwenye laini, mpe maji, msaidie kukamilisha maandishi ili yasimfuate nyumbani, muulize anataka nini, mwambie uamuzi ulikuwa wenu wote wawili. Siku mbili tatu baadaye muulize tena. Wasiotaka kuzungumza wasiandikwe kuwa hawana ushirikiano. Na kwa wanaofanya kazi nyumbani, ongeza swali moja ambalo ofisini hulazimiki kuliuliza: nani mwingine humo ndani anasikia upande wako wa mazungumzo?

Kwa viongozi wako, usiende na hoja ya huruma. Nenda na takwimu zao wenyewe. Idadi ya simu kwa saa haisemi kama mtoto yeyote amefikiwa. Wapendekezee nyingine: simu ngapi zilikatika kabla ya kupokelewa, na katika saa zipi, muda gani ulipita kati ya uamuzi na rufaa kupokelewa na mtu mwenye jina, katika simu zilizopimwa na watu wawili, walikubaliana mara ngapi, zilizofungwa zikafunguliwa upya ni ngapi. Muda wa kuandika baada ya simu uhesabiwe kuwa kazi. Mkiubana, watu wataandika simu ya kwanza huku wanasikiliza ya pili, na hapo ndipo anwani za nyumba hupotea. Ukiwaonyesha simu chache mlizolazimika kuzifungua upya kutoka kwa mtu wanayemsifu kwa wingi, hutahitaji maneno mengi. Uwaonyeshe bila jina lake. Aliwekewa lengo alifikie, na alilifikia.

Kikao naye basi kiwe hivi. Mweleze ulichokikuta na mlichokifanya kuhusu simu hizo, bila kuficha. Mwambie kwamba idadi haihesabiwi tena, na kwamba kwa kipindi fulani kila anayotaka kuifunga itapita kwako kwanza, kama itakavyokuwa kwa wote. Muulize simu za saa ngapi humchosha zaidi. Chezesha moja, mwache aisikie. Kama baada ya muda wa kutosha bado hawezi kumvumilia mtu anayeongea polepole, mhamishie kwenye ufuatiliaji wa rufaa, ambako kasi yake itakuwa faida. Kumng'ang'aniza mtu kwenye visikizi kwa sababu alisomea ni kumdhulumu yeye na mpigaji.

Swali lako la mwisho: ndiyo, pokea simu. Msimamizi aliyeacha kabisa husahau ukimya wa mtoto kwenye laini unavyorefuka, na huanza kudai mambo yasiyowezekana. Ila usipokee ukiwa kwenye kiti cha zamu, hata siku simu zinapofurika, kwa kuwa siku hiyo ndiyo mpokeaji atakayeinua mkono hatamwona mtu. Jipangie zamu ya kawaida ambayo mwingine anasimamia. Uamuzi wako wa kufunga uwekewe sahihi ya pili na huyo anayesimamia, hata kama wiki iliyopita wewe ndiye uliyemfundisha, na rekodi zako ziingie kwenye kapu la kupimwa pamoja na za wengine.